Safari ya kuzunguka kwangu: shajara ya njia ninazopita kila siku

Jumapili usiku, kabla ya kuanza

Nimechukua karatasi kubwa nikachora nyumba yetu katikati, alafu nikachora kila sehemu ninayoijua kuizunguka bila kuchungulia simu wala kumuuliza mtu. Mpango ni huu: kuanzia kesho mpaka Ijumaa naishi kama kawaida, siendi popote ambako nisingeenda, na kila usiku kabla ya kulala nachora kwa wino mstari wa nilikopita siku hiyo na pembeni naandika kwa nini nilipita huko. Wikendi ndio ntaachia. Simu ingeweza kunirekodia yenyewe, najua, programu za ramani zinaweza kufanya hivo ukiziruhusu, ila simu inajua ulikuwa wapi, haijui ulikuwa unawahi nini. Mi naitaka hiyo ya pili.

Ramani yenyewe imetoka kituko. Upande wa mbele wa nyumba, unaoelekea kituo cha basi, umejaa mpaka karatasi imekosa nafasi, nimeweka hadi ngazi iliyovunjika ya lile daraja la waenda kwa miguu. Upande wa nyuma, ukishavuka barabara kubwa: peupe kabisa. Na sio kwamba hakuna watu huko, usiku naziona taa zao nikiwa dirishani. Ila kwenye karatasi yangu dunia inaishia pale kwenye lami.

Kuna Mmarekani wa mambo ya mipango miji, Kevin Lynch, aliwafanyisha watu zoezi linalofanana na hili kwenye miji ya Boston, Jersey City na Los Angeles, kitabu chake kikatoka 1960. Aliona mtu anaubeba mji wake kichwani kwa vitu vya aina tano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Sasa hiyo barabara ya nyuma kwa wenye magari ni njia, kwangu mimi ni ukingo. Barabara moja, lami ileile, na tofauti yote iko kwenye nani anaitumia na saa ngapi anaitumia.

Jumatatu

Saa kumi na mbili na robo nje. Kituo, basi, kazini, mchana nikatoka kidogo, jioni basi, kituo, nyumbani saa moja kasoro. Mstari wa wino umenyooka kama kamba ya nguo, na hapo ndipo nikakumbuka wahenga na yule mbuzi wao anayekula urefu wa kamba yake. Leo nimekaa nikavitafuta vigingi nilivyofungiwa.

Na vinatafutika kweli, kuna mtu alishavipanga. Torsten Hägerstrand, mwanajiografia wa Sweden, Chuo Kikuu cha Lund, mwaka 1970 aliandika makala ambayo kwa kifupi ilikuwa inawauliza wataalamu wenzake wa mambo ya maeneo na uchumi: kwenye hesabu zenu zote hizi, mtu yuko wapi? Maana walikuwa wanahesabu mizigo na kura na mshahara, ila binadamu mwenye mwili mmoja, asiyeweza kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, hawakuwa naye. Akasema kuna vizuizi vya aina tatu. Cha kwanza ni cha mwili na vyombo: lazima ulale, lazima ule, na mwendo wako una kikomo. Cha pili ni cha kukutana: kazi inataka muwe pamoja, mtoto wa kuchukuliwa shule anataka mtu awepo pale mlangoni saa ileile anayotoka. Cha tatu ni cha mamlaka: ofisi ina saa za kufunga, geti lina mlinzi, eneo lina mwenyewe.

Nikavichukua vyote vitatu nikavimwagia kwenye mapumziko yangu ya mchana. Nina dakika 45. Nilikuwa na shida ya kusaini karatasi fulani, shughuli ya dakika kumi. Zinabaki 35 za kutembea, kwenda na kurudi, kwa hiyo kwenda tu ni dakika 17 na nusu. Mtu mzima akitembea kawaida anaenda kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo uwezo wangu ni kilomita moja na nusu hivi, na hapo ni kama njia imenyooka na hakuna foleni wala mtu wa kukusimamisha kukusalimia. Chora duara la ukubwa huo kuzunguka ofisi. Hiyo ndio nchi yangu mchana. Mji uliobaki wote, pamoja na lile bwawa wanalolisifia kila siku, kwa dakika hizo 45 haupo.

Kinachonifurahisha kwenye mawazo ya huyu Msweden ni kwamba duara halibaki duara. Ukianzia sehemu moja na ukatakiwa kumalizia sehemu nyingine, mfano kutoka kazini kwenda shule, eneo unaloweza kulifikia linavutika linakuwa duaradufu, kazini ndani ya upande mmoja na shule ndani ya upande wa pili, na vitu vilivyo katikati vinakuwa vyako hata kama viko mbali na nyumbani, na vitu vilivyo nyuma yako vinakufa haraka hata kama haviko mbali sana. Yeye alivichora kwa kusimamisha muda juu ya ramani, muda unapanda kwenda juu, mtu anakuwa uzi unaopanda. Mtu aliyekaa nyumbani siku nzima ana uzi ulionyooka wima tu. Nimeangalia uzi wangu wa leo, unapanda wima kazini karibu saa kumi nzima.

Jumanne

Viatu vimeachia soli. Nimepeleka kwa fundi aliye karibu na kituo cha kule kazini, na wakati naviacha nikajiuliza kwa nini nimevibeba kwenye mfuko safari yote hiyo wakati nyuma ya kwetu, ng'ambo ya barabara kubwa, mke wangu anasema kuna fundi mzuri tu, mita mia nne kwa makisio yangu. Jibu liko kwenye wino. Kumfikia fundi wa nyuma natakiwa nitoke nyumbani makusudi, nifanye safari ya kiatu. Huyu wa kazini ananigharimu hatua ishirini kutoka kwenye mstari. Kwa hiyo fundi wa kilomita kadhaa yuko karibu na wa mita mia nne yuko mbali, na hapo sijafanya ujinga wowote, hesabu imekaa vizuri kabisa. Tunapima umbali kwa kuangalia kitu kimetoka kiasi gani pembeni ya njia tunayopita tayari.

Kwenye basi la jioni nimekaa na mfanyakazi mwenzangu aliyenunua pikipiki mwaka juzi, leo ipo gereji. Nikamuuliza, sasa ile pikipiki imekuokolea muda gani kwa siku? Akacheka. Alipoinunua alikuwa anaishi vituo vichache kutoka kazini, baada ya miezi akahamia mbali kabisa kwenye nyumba kubwa zaidi, sasa hivi anatumia muda uleule aliokuwa anautumia zamani kwa basi. "Bora nina uwanja, bwana," ndio alivyojitetea.

Hilo nalo lina wenyewe. Yacov Zahavi miaka ya 1970 alikuwa anachambua safari za watu kwenye miji mbalimbali na akaja na wazo kwamba watu wana bajeti ya muda wa kusafiri kama walivyo na bajeti ya hela, na baadae, 1994, mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti akalisukuma mbali zaidi: kwa wastani binadamu anatumia kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi, na chombo kikiongeza kasi hatubaki na muda wa ziada, tunaongeza umbali. Anatoa mfano wa miji ya kale yenye kuta, kwamba kipenyo chake hakikuzidi kilomita 5 hivi, yaani kutoka katikati mpaka ukutani ni nusu saa kwa miguu, kwenda na kurudi saa moja. Ni wastani lakini, tusishikane mashati. Kuna watu wanakula saa nne kwa siku barabarani na hawakuchagua, nyumba za karibu na kazi zinawashinda bei, na kuwaambia hao kwamba binadamu kwa asili hutumia saa moja naona ni utani mbaya. Mimi nimevuka hiyo saa kabla hata sijarudi.

Jumatano

Leo nimepata ugomvi mdogo wenye faida.

Nilikuwa nachora usiku, mke wangu akapita akaiangalia karatasi kwa muda, akaniuliza hii ndio ramani ya kwetu? Nikamwambia ndio, hebu mama watoto nichoree na wewe ya kwako. "Nichore saa ngapi? We unaniona nimekaa?" Basi nikaosha vyombo mimi, yeye akakaa akachukua kalamu nyekundu akachora juu ya karatasi ileile.

Jamani.

Mstari wangu ni mmoja, mrefu, unaenda na kurudi palepale. Wake ni vipande vipande vifupi vimeungana: nyumbani shule, shule kazini, kazini mara moja zahanati kumfuatia mama dawa zake, dawa kwa mama, kwa mama kurudi kazini, kazini shule, shule dukani, dukani nyumbani, na hapo kaniambia leo imekuwa siku nyepesi. Nikaanza kumwambia lakini mbona wewe huendi mbali, akanikata. "Baba watoto, mi lini nilitoka hapa nikaenda sehemu moja nikarudi? Nitajie siku." Sikuwa na ya kutaja.

Na zahanati iko wapi? Ng'ambo ya barabara kubwa. Kwa mama kuko wapi? Hukohuko, mtaa wa pili. Lile eneo langu jeupe limejaa wino mwekundu, ana njia ya mkato pale, anajua ukuta gani una kivuli saa tisa, anajua mbwa wa nani anafunguliwa mapema. Nyumba moja, kitanda kimoja, na tumekuwa tukiishi kwenye miji miwili inayogusana mlangoni kwetu tu.

Ningependa hapa niweke neno la Inés Sánchez de Madariaga, profesa wa Madrid wa mambo ya mipango miji, maana yeye amelipigia kelele hili kwa jina la safari za matunzo. Hoja yake ni ya kihesabu kabisa: tafiti za usafiri zinapouliza "safari yako ilikuwa ya nini", kazi inapewa kiboksi kimoja kikubwa, ila kumlea mtoto na kuuguza mzee na kununua mahitaji ya nyumba vinasambazwa kwenye viboksi vidogo vidogo, hiki manunuzi, hiki kusindikiza, hiki binafsi, kwa hiyo kwenye jedwali kazi inaonekana mlima na matunzo yanaonekana vichuguu. Ukivikusanya pamoja unakuta mlima mwingine. Alafu njia za mabasi zinachorwa kufuata mlima uleule wa kwanza, asubuhi kwenda mjini jioni kurudi, na mtu wa vipande vipande anabaki kutembea kwa miguu au kulipa nauli mara tatu kwa umbali ambao mimi nalipa mara moja. Kila siku nikipanda basi naliona kama usafiri wa wote. Ni usafiri wangu mimi na wanaofanana na mimi.

Kingine nimegundua, vigingi vyake ni vigumu kuliko vyangu. Mimi nikichelewa kazini naomba radhi. Mtoto akitoka getini saa tisa na nusu hakuna mtu, hiyo haina kuomba radhi. Kwa hiyo kamba yake imefungwa sehemu nyingi na kila sehemu imekazwa.

Alhamisi

Hamna jipya. Mstari umepita juu ya mstari wa Jumatatu mpaka karatasi inataka kutoboka.

Ila siku kama hizi ndizo zimewapa watafiti chakula. Timu ya mwanafizikia Albert-László Barabási ilichukua data za simu zilizoondolewa majina, mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya watu 100,000 waliofuatiliwa miezi sita, na 2010 wakaja na nyingine ya watu wapatao 50,000 ambako waliuliza swali moja: ukijua historia ya mtu alikokuwa, kwa ubora wa juu kabisa unaweza kubashiri alipo kwa kiwango gani? Wakapata 93% kwa wastani. Mi namba hiyo hainishangazi sana, hata mbwa wa jirani anajua saa yangu ya kurudi. Kilichonishangaza ni kwamba walitegemea wanaozunguka maeneo makubwa wawe wagumu kubashiriwa kuliko wanaojifungia mtaani, na haikuwa hivo, wote karibu sawa. Anayesafiri kilomita nyingi kila wiki naye anasafiri kwa ratiba, ana kamba ndefu tu.

Alafu kuna hii ya 2018, ya watu wapatao 40,000, iliyoona kwamba kwa kipindi chochote mtu ana sehemu kama 25 hivi anazozirudia rudia, na idadi hiyo inakaa palepale hata miaka ikipita, ikiingia mpya moja basi kuna ya zamani inadondoka. Nimejaribu kukumbuka zangu zilizodondoka. Kinyozi wangu wa zamani. Hatukugombana, alikuwa ananinyoa vizuri na ana stori, ila kazini walinibadilishia shifti, kituo cha kushukia kikawa kingine, basi, nikaanza kunyoa kwingine na sijamuona tena mpaka leo. Rafiki yangu mmoja wa karibu sana pia, tulikuwa tunaonana karibu kila siku, nilikuwa nasema ni urafiki wa damu, kumbe nusu yake ilikuwa ni kwamba tunashuka kituo kimoja. Nimemtumia meseji usiku huu. Kajibu kwa emoji ya kucheka, sijui ndio kanisamehe au vipi.

Ijumaa

Leo bomba limepasuka njia ya kituoni, wamefukua, wameweka utepe, tukageuzwa sote kupitia ndani ndani. Watu wamenuna, na mimi nimenuna, ila nikaangalia saa nilipofika kituoni: dakika zilezile! Labda moja zaidi. Na njia ya ndani ina miti na haina pikipiki za kukurushia vumbi. Miaka yote nimepita kule kwenye jua kwa sababu siku ya kwanza nilipohamia aliyenielekeza alinielekeza kule.

London kuliwahi kutokea jambo la namna hii kwa ukubwa wake. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi waligoma siku mbili, vituo vingi vikafungwa, watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kwenda kazini, na kwa kuwa wanapita kwa kadi ya kugusisha, wachumi waliweza kuangalia baadae nani alirudi kwenye njia yake na nani hakurudi. Karibu 5% hawakurudi. Mmoja kati ya ishirini alikuwa anapita njia isiyomfaa zaidi kila siku, kwenye mji wenye ramani kila kona, na asingejua kama asingefungiwa mlango. Sababu moja waliyoitaja ni ramani yenyewe, ile ramani maarufu ya treni za London imepindapinda umbali ili isomeke kirahisi, na waliokuwa wanatokea sehemu ambazo ramani imepinda zaidi ndio waliogundua zaidi.

Ila tusisahau wale 95%. Walirudi, na nadhani wengi wao walirudi kwa sababu njia yao ilikuwa inawafaa kweli. Huwa siwaelewi watu wanaohubiri kwamba mazoea ni uvivu wa akili. Asubuhi saa kumi na mbili na robo sitaki kufikiria njia, nataka miguu ijue yenyewe ili kichwa kiwaze mambo mengine.

Kuanzia Jumatatu lakini napita kwenye miti.

Jumamosi

Ruhusa ya kutoka kwenye kamba. Nimevuka barabara kubwa saa mbili asubuhi bila sababu yoyote, na hiyo "bila sababu" ndio imekuwa kazi ngumu. Dakika kumi za kwanza nilitembea haraka kama nina miadi, nikajikuta natafuta kitu cha kununua ili niwe na haki ya kuwepo pale. Watu wanakuangalia pia, sura ngeni inayotembea polepole haieleweki.

Wakati natembea namuwaza yule mwanafunzi wa Paris. Paul-Henry Chombart de Lauwe, mwanasosholojia wa Ufaransa, kwenye kitabu chake cha 1952 aliweka ramani ya safari zote alizofanya binti mmoja mwanafunzi ndani ya mwaka mzima, alikuwa anaishi mtaa wa 16 wa Paris. Mistari yote inakusanyika kwenye pembetatu ndogo: nyumbani kwake, chuo cha sayansi ya siasa, na kwa mwalimu wake wa piano. Paris yote ile! Guy Debord, mwandishi Mfaransa, alipoiona alikasirika, akaandika kwamba inatia hasira mtu kuishi maisha finyu kiasi hicho, na yeye na wenzake wakawa wanahubiri kuzurura mjini bila mpango, unafuata mvuto wa sehemu tu inakokupeleka.

Mi nipo upande wa yule binti. Mtu ana vipindi, ana mazoezi ya piano, jioni amechoka, ulitaka apite wapi? Debord na wenzake walikuwa na uwezo wa kuzurura siku mbili tatu mfululizo, nadhani kwa sababu hakukuwa na mtoto anayewasubiri getini. Kwenye karatasi ya mke wangu hakuna sehemu ya kuingiza uzururaji hata wa nusu saa, na anayetaka aone mji zaidi amlegezee kigingi kimoja kwanza kabla ya kumlaumu kwa kutokuwa na hamu.

Karibu na zahanati kuna mzee kakaa kwenye benchi. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, unatafuta nani? Nikamwambia simtafuti mtu, naishi ng'ambo tu hapo, nikamuonesha paa letu, linaonekana kabisa. Akasema yupo hapa tangu barabara haijapanuliwa. Tumekuwa majirani miaka na hatujawahi kuonana, maana yeye enzi za kazi alikuwa akitoka anaelekea kule, mimi natoka naelekea huku.

Nikakaa. Akanieleza kwamba alipostaafu watu walimwambia atakosa kazi, atakosa mshahara, hakuna aliyemwambia kwamba atakosa barabara. Miaka zaidi ya thelathini alipita njia moja, anawajua watu wake wote, mwuza magazeti, mlinzi wa lile jengo la kona, akina mama wa kituoni. Ile kustaafu tu, njia nzima ikaondoka na kazi. "Nina nguvu ya kwenda, mwanangu. Ila niende nikafanye nini?" Sasa hivi anatoka mpaka kwenye benchi, akijisikia vizuri mpaka kwenye mti mkubwa wa mbele, Jumatano anaenda zahanati. Nikamuuliza zahanati hiyo hapo kwa nini Jumatano, akasema Jumatano ndio siku yao ya presha, wanakutana wazee wote, wanapiga stori mpaka saa sita. Presha yenyewe inapimwa dakika tano.

Nimechora mstari wangu wa leo kwa penseli, sijui kwa nini wino niliona haustahili.

Jumapili

Zamu ya mtoto. Ana miaka minane, nimempa karatasi yake. Kachora nyumba, kachora shule, na katikati hakuna njia, kuna vitu tu vimepangwa: shimo lenye maji, geti la bluu, paka, ukuta wa kurukia, paka mwingine. Nikamuuliza hapa na hapa kuna umbali gani, akasema "mpaka mama amalize kuongea na simu".

Nikamuuliza sehemu gani anaenda peke yake. Akafikiria. Nje ya geti, akasema, mpaka kwenye nguzo.

Mimi nikiwa na umri wake nilikuwa navuka mto. Ila hii sio ya kwetu tu na wala sio stori za wazee kujisifu, Uingereza walilipima: Mayer Hillman na wenzake walikuta mwaka 1971 watoto 80% wa miaka saba na minane wanaenda shule bila mtu mzima, walipopima tena 1990 wakakuta 9%. Sababu kubwa iliyotajwa na wazazi ilikuwa magari. Ndani ya miaka isiyofika ishirini mstari wa mtoto ukawa hauna uhuru wake, ukawa umebandikwa juu ya mstari wa mzazi. Na mzazi anayembandika ndio yule wa wino mwekundu, kwa hiyo kila njia ya mtoto iliyofungwa na magari inaongeza kipande kingine kwenye siku ya mama yake. Vigingi vinazaana.

Kabla ya kukunja karatasi nimekumbuka jambo la wanyama. Mwaka 1943 mtaalamu wa wanyama wa Marekani, W. H. Burt, aliandika maana ya eneo la makazi la mnyama ambayo mpaka leo inatumika: ni eneo analolipita kwenye shughuli zake za kawaida, kutafuta chakula, kupandana, kutunza watoto, na akaongeza kwamba akichomoka mara mojamoja kwenda nje, labda kuchungulia tu, hiyo isihesabiwe. Kwa hiyo kwa Burt matembezi yangu ya jana hayamo. Penseli ilikuwa sahihi.

Nikamwambia mke wangu hivi: upande wa pili hautakuwa wangu kwa kutembelea, utakuwa wangu nikiwa na cha kuwahi kule. Nichukue Jumatano zako. Dawa za mama, mtoto, dukani, vyote, nitaomba kazini waniruhusu saa nane siku hiyo na nifidie Alhamisi. Akaniangalia kwanza kama nimeugua. Alafu akauliza una uhakika na hiyo saa nane, nikamwambia nimeshapiga hesabu: kutoka saa nane mpaka saa tisa na nusu ni dakika 90, basi la mchana linakula 40, zinabaki 50 za zahanati, kwa mama na kufika getini, na kama dirisha la dawa halina foleni nitapata hata dakika chache za kukaa na mzee wa benchi.

"Dirisha la dawa Jumatano?" akasema. "Wazee wote wa presha wanakuwa pale. Sahau hizo dakika." Sasa hivi yupo kwenye simu yake ananiandikia meseji ya vituo vyote kwa mpangilio, kila kimoja na saa yake ya kufunga, na kwa ninavyoiona inavyorefuka, Jumatano nitaondoka kazini saa saba.